Mshono Mmoja wa Zamani

Kabla hajaugusa mkoba wowote, shangazi yangu huunusa kwanza. Huuweka mezani, huufungua kifuniko, huinama mpaka pua inazama ndani, kisha hutulia hivyo kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Akiinuka huwa ameshajua mkoba umekaa wapi, umekaa miaka mingapi, na ni nani aliyeutesa. Atasema huu ulifungiwa kabatini pamoja na dawa za nondo. Au atasema huu umelala chini ya kitanda, na paka naye alilala humo humo. Nilidhani anabuni, mpaka siku mwenye mkoba mmoja alipokiri habari za paka.

Mikoba ninayoizungumzia si ya kubebea madaftari. Ni ile midogo ya ngozi ngumu iliyotengenezwa zamani kuvalishwa kamera za filamu, kila mmoja na umbo la kamera yake. Mbele una pua ya kukaa lenzi, pembeni una masikio mawili ya kushikia mkanda unaotundikwa shingoni, na chini una skrubu inayoibana kamera isichomoke. Ukiukuta mezani mtupu utafikiri ni uso wa mtu mwenye pua bapa aliyesinzia. Kazi ya shangazi ni kuziamsha nyuso hizo.

Yeye ni dada mkubwa wa baba, na tunaishi ua mmoja. Mtaani wanamwita Mama Mikoba. Mimi hufanyia kazi zangu za shule kwenye kona ya meza yake kwa sababu dirisha lake ndilo lenye mwanga kuliko yote, lakini siruhusiwi kugusa chochote chenye ncha. Ninachoruhusiwa ni kuuliza, na kwa kuuliza nimepewa mpaka jina. Ananiita Mdadisi.

Mwanzo wake haukuwa mikoba. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, upande wa visigino. Anasema muda wote huo hakuwahi kuiona sura ya kiatu, aliona migongo tu, kama mtu aliyesimama nyuma kwenye foleni maisha yake yote. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na sindano zake mbili butu, na bega la kulia lililo nene kuliko la kushoto. Wiki ya kwanza alishona kila kilichopasuka nyumbani. Wiki ya pili akaanza kushona ambavyo havikupasuka. Mumewe akaona hatari, akamsafishia chumba cha nyuma ya duka lake la kunyoa, akamwambia aende akatese vitu huko.

Mumewe ni Kinyozi. Tunamwita hivyo sote, hata mimi mtoto wa nyumbani. Hunyoa kwa mikono na kuhadithia kwa mdomo, na ukimkataza kimoja, kingine nacho kinasimama. Ukuta kati ya duka lake na chumba cha shangazi una mlango usiofungika vizuri, kwa hiyo wao wawili hugombana na kuchekana siku nzima bila kuonana.

Mkoba wa kwanza uliingia kwa mlango huo. Alikuja kunyolewa mzee mmoja mwembamba, mpiga picha wa gazeti aliyekwisha kustaafu, na kamera yake ilikuwa ndani ya mkoba uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Tunamwita Bwana Sekunde, kwa sababu huhesabu sekunde kwa sauti kabla ya kupiga picha, na hata asipokuwa na kamera huhesabu akingoja chai ipoe. Alipofumba macho chini ya povu, shangazi aliuchukua mkoba ili autazame tu. Ndevu zilipokwisha, mkoba ulikuwa umefumuliwa na kutandazwa mezani vipande vipande. Bwana Sekunde akafumbua macho akaviona. Kinyozi anasema ndiyo mara pekee aliyowahi kumwona mtu aliyekaa akianguka.

Lakini shangazi hakufumua kila kitu. Sikio moja la mkanda lilikuwa limeshikwa na mshono wa ajabu, mnene, uliokaa upande, usiofanana na mingine yote. Huo hakuthubutu kuukata. Aliamini fundi wa kwanza, huko mkoba ulikotengenezwa, aliuweka hivyo kwa makusudi, kwa siri ya kazi ambayo yeye mtu wa visigino asingeweza kuijua. Akashona upya pande zote, akauacha huo mahali pake, na fundo la uzi wake mpya akalifunga pale pale juu yake.

Bwana Sekunde aliurudisha mkoba mara tatu. Mara ya kwanza pua ilikuwa imebonyea. Mara ya pili kifuniko kilikuwa kikifunga kwa kishindo, naye akasema hawezi kutembea na mlango shingoni. Mara ya tatu shangazi alikuwa ameupaka dawa ya viatu, shati la mzee likageuka kahawia upande mmoja. Mara ya nne aliuzungusha mkononi, akaufungua, akaufunga, akasema, "Sasa huu ni mkoba." Akaondoka. Shangazi alipanda kigoda, jambo ambalo kwake ni kubwa kama nitakavyoeleza, akayaandika maneno hayo manne kwa chaki juu ya mlango. Yalikaa hapo miaka tisa.

Tangu siku hiyo alijifunza kila kitu kwa kukosea, na kila kosa likageuka sheria. Mafuta ni kidogo, tena kwa ncha ya kidole, maana mkoba ukinyweshwa mafuta unalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai na umbo halirudi tena. Ukungu unafutwa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha mkoba unakaushwa kivulini, jua lisiuone. Ile kutu ya kijani inayoota kwenye vifungo vya shaba inachokolewa kwa njiti ya meno, kwa sababu kisu hakina subira. Tundu jipya halitobolewi kamwe. Msharasi, ile sindano nene yenye mpini, huingizwa kwenye matundu ya zamani tu, kuyafungua, na uzi unapita hapo hapo ulipopita wa kwanza. Uzi wenyewe huvutwa juu ya donge la nta ya nyuki mara tatu. Nilimuuliza kwa nini tatu. Akasema ya kwanza kwa ajili ya mvua, ya pili kwa ajili ya jasho, ya tatu kwa ajili ya wajinga.

Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mshono mmoja. Katika kila mkoba aliondoa uzi wote uliooza, ila mshono mmoja wa zamani aliuacha. Fundo la uzi mpya alilifunga kwenye huo, ili mpya na wa zamani washikane mikono. Alisema mkoba lazima ubaki na kitu kimoja cha kuukumbusha alikotoka mama yake. Akimaliza aliuchora katika daftari la hesabu lenye vyumba vyumba, akatia nukta nyekundu mahali mshono ule ulipo. Mtu akileta mkoba akidai shangazi ndiye aliyeutengeneza, huulizwa kwanza nukta iko wapi. Wateja walipenda sana habari hiyo. Wengine waliwaonyesha wageni wao. Mimi mwenyewe niliisimulia darasani, na mwenzangu mmoja akaenda kuutafuta mshono wa zamani kwenye begi lake lililonunuliwa juzi.

Basi ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, alipoingia Dada wa Pasipoti. Huyu ana studio ndogo ya kupiga picha za vitambulisho, na kamera yake ya filamu huitumia siku za mapumziko kwa raha zake. Mkono mmoja ameshika mkoba, mkono mwingine mkanda. Alisalimu vizuri, akangoja Kinyozi amalize sentensi yake, jambo lililomchukua muda, kisha akaeleza. Alikuwa akipita uani kwao kamera ikiwa shingoni. Akasikia kitu kama punje ya mchele inayovunjika kwa jino. Mkanda ukabaki shingoni, kamera ikaenda. Kwa bahati ilitua kwenye kapu la nguo zilizoanuliwa, juu ya blanketi la mama yake, isipate hata mkwaruzo.

"Sikuja kugomba, mama," alisema. "Nataka tu kujua ni nini."

Shangazi alijibu haraka mno kwamba mkoba ule si kazi yake. Kazi yake haikatiki. Alisema hivyo kwa sauti ya kufika dukani, ambako Fundi Bomba, yule anayetutengenezea mabomba ya maji, alikuwa ameketi shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Wembe wa Kinyozi ukasimama. Shangazi akavaa miwani, akaongeza kioo cha kukuzia juu ya miwani, akalitafuta lile sikio lililoachia.

Nilikuwa karibu, kwa hiyo niliona. Kulikuwa na mishono yake saba ya rangi ya maziwa, mizuri, yote mizima, imelegea kama kamba za viatu. Mwisho wa mstari, pale ambapo mkanda huanza kuvuta, kulikuwa na ncha mbili za uzi wa kahawia, fupi, kavu, zenye vumbi. Ule wa zamani ndio uliokatika. Na kwa kuwa fundo la mpya lilikuwa limefungwa juu yake, yote saba iliachia kwa pamoja.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akavua miwani akasema, polepole, "Ni yangu."



Alivuta daftari, na hapo nikaelewa alichokuwa anafikiria. Nukta nyekundu. Kuna zilizokuwa kwenye kifuniko, au pembeni, au chini, na mshono ukikatika huko hakuna linaloanguka. Lakini zile za kwenye sikio la mkanda zilikuwa kamera zinazoning'inia shingoni mwa watu kwa uzi wenye umri mkubwa kuliko baba yangu. Akaanza kuhesabu kutoka ukurasa wa mwisho akirudi nyuma. Zilikuwa kumi na moja pamoja na huo uliokuwa mezani. Alisema kamera ya mtu si sahani, mtu huwa amewekeza humo macho yake yote, na ikivunjika moja tu kwa sababu ya madaha yake, ataondoa meza na kurudi kushona visigino, kama kuna mtu bado anavaa viatu. Alisema akicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja kitambaa na kukikunjua.

Kilichofuata kilikuwa kama zoezi la kuzima moto linaloendeshwa na kinyozi. Alichukua simu, akaweka sauti juu, akawapigia mmoja mmoja kwa mfuatano wa daftari, na kila mmoja alimwambia aivue kamera shingoni sasa hivi, tena polepole, kana kwamba ni nyoka. Wa kwanza alikata simu akidhani ni matapeli. Saba walikuja wenyewe kabla ya saa nane, wawili waliapa kuiweka kamera kitandani mpaka Jumatatu. Shangazi alikaa kwenye kiti chake, akakata mishono ya zamani, akashona upya. Kila mwenye mkoba alimweleza kosa lake mwenyewe, bila kulizungusha, na kila mmoja alionekana kusikitikia mshono kuliko alivyosikitikia hatari. Mama mmoja mwenye duka la vitabu aliomba arudishiwe kile kipande cha uzi. Mwingine mkoba wake haukuwa na kamera tena, alikuwa anahifadhia mbegu za vitunguu, lakini alikaa kwenye foleni kama wengine.

Fundi Bomba naye alikuwa bado na povu. Kila Kinyozi alipoinua wembe, simu iliita.

Ilikuwa imepita saa tisa tulipofika ukurasa wa kwanza. Nadhani shangazi alianza nyuma kwa makusudi, ili ukurasa huo achelewe kuufika. Ulikuwa mchoro wa kitoto, pua imekaa vibaya, na nukta nyekundu kubwa kwenye sikio la kushoto. Mkoba wa Bwana Sekunde. Miaka tisa shingoni, kila siku, na yeye ni mtu wa kuinama-inama.

Simu ya nyumbani kwake iliita mpaka ikachoka. Ya mkononi hana, anasema inamharibia kuhesabu. Kinyozi akatazama kalenda iliyo juu ya kioo chake, akapiga ulimi. Ilikuwa siku yake ya mnara. Mtaa mzima unaijua siku hiyo. Kila mwaka, tarehe ile ile, saa kumi kamili alasiri, Bwana Sekunde hupanda mnara wa zimamoto wa zamani, ule walioanikia mipira ya maji siku hizo, na kupiga picha moja ya mtaa akiwa juu ya jiwe lile lile. Ana picha thelathini na moja za namna hiyo. Huinama juu ya ukuta wa ukingo, huhesabu, hubonyeza. Halafu, na hili ndilo lililomfanya shangazi asimame, huiachia kamera ining'inie shingoni, nje ya ukuta, ili mikono yote miwili iwe huru kutazama saa na kuandika sekunde kwenye kijitabu. Na chini ya mnara, Jumamosi, wauza miwani wametandaza bidhaa zao na watu wamejaa.

Shangazi alichomeka sindano mbili kwenye kola ya gauni, akatia uzi na nta mfukoni. Alipofika mlangoni alisimama, akapanda kigoda, akayafuta maneno ya chaki kwa aproni yake. Kisha tukatoka.

Inabidi niseme kuhusu kigoda. Shangazi anaogopa kwenda juu. Balbu ikiungua chumbani mwake hufanya kazi gizani mpaka baba arudi. Na mnara ule una ngazi tisini na sita, nilizihesabu siku hiyo, nyembamba, za kuzunguka, zenye chuma upande mmoja na ukuta upande mwingine.

Tulikuwa wanne njiani: shangazi mbele, mimi, Kinyozi, na Fundi Bomba, aliyetufuata na shuka nyeupe ya kunyolewa shingoni kwa sababu hakutaka kumpoteza Kinyozi machoni. Tulipofika chini ya mnara ilikuwa imebaki kama dakika sita. Juu kabisa tuliona kiwiko cha Bwana Sekunde kikitokeza ukutani. Kinyozi akapaza sauti, lakini wauza miwani wana redio. Basi akamkabidhi Fundi Bomba kazi ya kuwaondoa watu pale chini, naye akabaki hapo akiita. Sijawahi kuona mtu akitiiwa upesi hivyo. Ukimwona mtu mzima, shavu moja jeupe, ametandaza mikono ndani ya shuka na anakuambia usogee, hungojei maelezo.

Shangazi alipanda macho yamefumbwa, kiganja kimepapasa ukuta, mkono mwingine umeshika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Ngazi ya arobaini alisimama akaniuliza kama tumefika. Nikamwambia bado kidogo. Ngazi ya sitini akaniuliza tena, akasema nikimdanganya ataniambia baba yangu alivyokuwa akikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Sikumdanganya, na akaniambia hata hivyo.

Juu kulikuwa na upepo na mlango mdogo usio na bawaba. Bwana Sekunde alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, ametupa mgongo, kamera iko jichoni, mkanda umekaza shingoni. Shangazi alibaki kizingitini akishika pande zote mbili za mlango.

"Rudi ndani, mzee," alisema. "Huo mkoba utakuangushia kamera."

"Dakika mbili na nusu," alijibu bila kugeuka.

Shangazi akaeleza kutoka pale pale mlangoni. Alieleza vizuri kuliko alivyowaeleza wote waliotangulia, labda kwa sababu hakuwa na pumzi ya maneno ya ziada. Kwamba aliuacha mshono mmoja wa zamani kwenye sikio la kushoto. Kwamba fundo lake amelifunga juu ya huo. Kwamba leo umekatika wa mtu mwingine, na huu ndio mkongwe kuliko yote. Kwamba aliuacha kwa heshima ya fundi wa kwanza, na sasa anaona heshima ile ilikuwa ya kujionyesha.

Bwana Sekunde aliishusha kamera, akageuza kichwa tu. "Fundi wa kwanza yupi?"

"Aliyeutengeneza. Ule mshono wake mnene, wa upande."

"Huo nilishona mimi," alisema. "Ndani ya basi, kwa uzi wa kiatu changu. Nilidhani umeuacha ili unicheke."

 Shangazi aliachama mdomo. Kisha kicheko kikamtoka, kile cha tumboni ambacho huwa tunakisikia kupitia ule mlango usiofungika, akacheka mpaka ikabidi afute macho, na alipoiondoa mikono mlangoni kufuta macho akawa amesimama nje, kwenye sakafu ya mnara, bila kushika chochote. Miaka tisa. Sheria yake kubwa kuliko zote, daftari zima la nukta nyekundu, kumbe mwalimu wake alikuwa kamba ya kiatu ya mzee huyu.

"Dakika moja na sekunde kumi," alisema Bwana Sekunde. Lakini naye alikuwa anatabasamu.

Hapakuwa na muda wa kushona hata mishono miwili. Nilitarajia shangazi amwombe aache mwaka huu, au apige picha bila mkoba, ila skrubu ya chini ilikuwa imekaza na kidole cha mzee hakiiwezi upesi. Shangazi hakumwomba chochote. Alitembea mpaka ukutani, hatua nne, nilizihesabu, akapanda juu ya jiwe kando yake, akalikamata lile sikio la kushoto pamoja na mkanda wake ndani ya ngumi ya kulia, ile ya visigino. Macho aliyaelekeza kwenye ngumi yake tu.

"Hesabu," alisema.

Akahesabu. Kumi, tisa, nane, kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina. Ilipofika moja, kamera ikalia kidogo. Na mzee, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, aliiachia, akainua mkono kutazama saa.

Nilisikia mwenyewe, pamoja na upepo wote ule. Tk. Kama punje ya mchele.

Kamera iliteremka kiasi cha upana wa kidole, basi. Ilibaki inaning'inia nje ya ukuta, kwenye ngumi ya shangazi, na mkanda ukiwa umelegea juu ya kifua cha Bwana Sekunde. Hakuna aliyesogea. Chini, ndani ya duara tupu la lami, Fundi Bomba alikuwa ametazama juu na kuikunjua shuka yake kwa mikono miwili, tayari kudaka.

Mzee aliutazama mkanda, akaitazama ngumi, kisha akaandika sekunde kwenye kijitabu chake. Alipomaliza kuandika ndipo akasema, "Una mkono mzuri."

Shangazi alishonea pale pale juu ya mnara, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, kwa sindano mbili, uzi umepita kwenye nta mara tatu. Alikata ile kamba ya kiatu, akashona mishono minane yake mwenyewe, na fundo akalifunga juu ya kazi yake. Kwa kuwa alikuwa akishona hakukumbuka aliko. Alikumbuka alipomaliza, na kumteremsha kulituchukua muda mrefu kuliko kumpandisha.

Picha ilisafishwa wiki iliyofuata. Mtaa umo, paa zimo, duka letu limo kama kawaida. Katikati kuna duara tupu, na ndani yake mtu mmoja mwenye shavu jeupe, uso juu, shuka imetandazwa, anangoja kama ameambiwa mwezi unaanguka. Kwenye kona ya chini kuna kitu kikubwa cha mviringo, chenye ukungu, ambacho hakuna mtu angekijua. Ni kifundo cha kidole cha shangazi. Nilidhani Bwana Sekunde atakasirika, maana thelathini na moja zilizotangulia hazina kifundo. Alileta nakala yenye fremu, akaitundika mwenyewe juu ya kioo cha Kinyozi. Fundi Bomba huja kuitazama hata asipokuwa na ndevu. Anadai lile shavu la pili anyolewe bure mpaka kiama, na Kinyozi anasema atakubali pindi mabomba yatakapoacha kuvuja.

Siku hiyo ya fremu mzee alipita chumba cha nyuma, akaona mahali palipofutwa juu ya mlango. Aliuliza palikuwa na nini. Shangazi akajifanya anatafuta msharasi, kwa hiyo nilijibu mimi. Bwana Sekunde aliomba chaki, akayaandika yale maneno manne tena kwa mwandiko wake mwembamba, bila kigoda, maana ni mrefu.

Sheria ya mshono imebadilika. Sasa shangazi huukata wa zamani na kuuweka katika kikaratasi kilichokunjwa, chini ya kitambaa cha mahameli ndani ya mkoba, mahali ambapo haubebi kitu. Nukta nyekundu mpya katika daftari zote ziko katikati. Kamba ya kiatu tu ndiyo haina kikaratasi, kwa sababu Bwana Sekunde alisema itupwe. Shangazi alimwambia ameshaitupa. Iko kwenye kopo la nta, chini kabisa, na mimi nimeapishwa nisiseme.